Kanuni ya Tangi na Chumba cha Mwalimu Obura

Naanza kwa kumtaja mwenye wajibu, kwa sababu nimesoma ripoti nyingi mno ambazo humtaja mwishoni, au hazimtaji kabisa. Mwenye wajibu wa joto lililomtesa Mwalimu Obura chumbani mwake ni Mkuu wa Ukaguzi wa Mabomba katika idara niliyoitumikia hadi nilipostaafu. Si fundi aliyeifunga mashine. Si mke wa mwalimu, ambaye kuna mtu alithubutu kudai kwamba anafungua madirisha ovyo. Si mashine yenyewe, iliyofanya kazi kama ilivyounganishwa. Ni Mkuu, kwa cheo chake, na kwa amri aliyoitoa bila kufika nyumbani kwa watu.

Nawaandikia nyinyi mliobaki kazini, hasa mlioajiriwa juzi na ambao viatu vyenu bado havijaingia maji ya mtaro. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vilikuja kwa kuchelewa, na sikumbuki hata kimoja kilichonifundisha kujua bomba linavuja wapi. Nitaeleza jinsi nilivyofundishwa kazi, kanuni ya tangi ilitoka wapi, na jinsi kanuni hiyo njema ilivyogeuzwa ikamwangukia mtu asiyeweza hata kujipepea.

Siku yangu ya kwanza nilifika ofisini nimevaa tai. Mzee Barasa, mkaguzi ambaye nilikabidhiwa kwake, aliitazama tai ile kama mtu anayetazama mbuzi aliyevishwa shati.

"Hiyo siku moja utaifungia bomba," alisema.

Siku hiyo ilifika, na nikaifungia. Bomba halikuvuja hadi asubuhi.

Mzee Barasa alitoka Butere, akaja Kisumu akiwa kijana kufanya kazi za reli, na kutoka reli akaingia kwenye maji. Alizungumza Dholuo kwa lafudhi ya kwao na hakuna aliyethubutu kumcheka. Mkoba wake ulikuwa na spana, geji ya kupimia msukumo wa maji, kipimajoto ndani ya ala ya bati, na chuma cha kusikilizia. Chuma hicho kilikuwa na urefu wa mkono. Unaweka ncha moja juu ya bomba na nyingine kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, kisha unafumba macho. Maji yanayopita vizuri huvuma. Yanayovuja huzomea. Hewa iliyonaswa ndani ya bomba hutafuna, kama mtu aliyekaa nyuma yako kanisani akiwa na karanga mfukoni. Nilichukua muda mrefu kuzitofautisha sauti hizo, na muda mrefu zaidi kuacha kuona haya nikipiga magoti mbele ya watu na chuma sikioni.

Lakini chombo chake kikubwa hakikuwa mkobani. Kilikuwa ni mazoea. Alikuwa akikagua nyumba katika saa inayomsumbua mwenye nyumba, si katika saa inayomfaa mkaguzi. Ukimlalamikia kwamba bafu halina maji alfajiri, alikuja alfajiri. Wenzake walimwona mkorofi. Mabomba karibu yote hufanya kazi vizuri asubuhi baada ya chai, alisema, na ndiyo sababu wakaguzi hupenda kufika wakati huo.

Kesi ngumu ya kwanza niliyofuatana naye ilikuwa Nyalenda. Akina mama waliochota maji katika kioski kimoja walilalamika kwamba jioni maji hutoka na povu. Ofisi iliwajibu kwamba hiyo ni dawa ya kusafishia maji. Mzee Barasa alisoma jibu hilo, akalikunja, akaniambia nisiende nyumbani jioni hiyo.

Tulimkuta mwenye kioski, Mama Atieno, akiwa ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa, na foleni imesimama bila kusogea.

"Karani," aliniambia, kwa sababu tai ilikuwa bado shingoni, "hebu onja."

"Mama, sisi hatuonji. Tunapima."

"Basi pima na mdomo. Hii maji imeshafua nguo ya mtu. Sasa mimi naambia watu ninauza nini?"

"Uza tu, Mama," mtu mmoja alisema kutoka kwenye foleni. "Tutaoga bila kununua sabuni."

Watu walicheka, isipokuwa Mama Atieno na Mzee Barasa. Mzee alikuwa ameshapiga magoti. Alisikiliza, akasogea hatua chache, akasikiliza tena, akaniita. Nilisikia maji yakirudi nyuma. Bomba la Nyalenda, badala ya kuwapelekea watu maji, lilikuwa likinyonywa kutoka upande wa juu.

Tulifuata sauti hiyo kupanda hadi kwenye nyumba kubwa yenye geti la chuma. Mwenyewe alikuwa amefunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mji. Kila jioni alipoiwasha ilivuta kwa nguvu kuliko mji ulivyoweza kumpa, na bomba la chini likabaki tupu. Kiungo kimoja cha bomba hilo, kilicholegea, kilikuwa kimelala ndani ya mtaro ambamo watu walimwaga maji ya kufulia. Penye utupu kitu huingia. Kilichoingia ni mtaro.

"Mimi nanunua maji kama mtu mwingine yeyote," alisema yule bwana.

"Kweli," Mzee Barasa alimjibu. "Lakini Bwana, unakunywa maji ya wenzako kabla hawajayapata, na wao wanakunywa mtaro. Weka tangi. Maji ya mji yaingie tangini yenyewe, kwa nguvu zake. Baada ya hapo vuta kutoka tangini hadi uchoke."

Aliweka tangi. Kiungo cha mtaroni kilitengenezwa. Povu likaisha, na Mama Atieno akadai kwamba sasa wateja wanalalamika sabuni imepanda bei.

Kutokana na mambo ya aina hiyo ofisi ilitunga kanuni, na kanuni ikabandikwa ukutani, ambapo iko hadi leo na kila mtu anaweza kuisoma: chombo chochote cha nyumbani kisivute maji moja kwa moja kutoka bomba la mji, kipate maji yake tangini. Naomba muitazame vizuri. Sehemu ya kwanza ndiyo kanuni. Sehemu ya pili ni njia ya kuitii. Imetungwa ili kumlinda Mama Atieno dhidi ya pampu ya jirani. Haikutungwa kwa sababu matangi ni vitu vitakatifu.

Niliisimamia kanuni hiyo kwa miaka yangu yote ya kazi, na sikumwonea haya mtu. Niliisimamia Milimani kwa watu waliotaja majina ya wakubwa. Niliisimamia katika hoteli moja karibu na soko la Kibuye, ambayo ilikuwa na tangi zuri, jipya, lililopakwa rangi. Nililigonga kwa chuma cha Mzee Barasa, alichoniachia alipostaafu na kurudi Butere, likalia kama kengele. Halikuwa limewahi kuingiwa na tone la maji. Lilinunuliwa kwa ajili ya wakaguzi.

"Lakini hiyo ni tangi," mwenye hoteli alisisitiza.

Nilimjibu kwamba sikukana.

Nayataja haya ili mtu asije akasema kwamba Zablon Otiato alikuwa mpinzani wa kanuni ya tangi. Hakuna aliyeitekeleza kuliko mimi. Ndiyo maana nilichokiona nyumbani kwa Mwalimu Obura kiliniudhi kuliko ambavyo kingemuudhi mtu mwingine.

Mwalimu Obura alifundisha jiografia katika shule za upande huu wa ziwa hadi siku alipopanda ngazi kutengeneza mfereji wa paa la nyumba yake, akaanguka, akavunjika shingo. Alipona, kwa maana ya kwamba hakufa. Tangu hapo hasogezi miguu, mikono ni kidogo, na kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui: chini ya mabega mwili wake hautoi jasho. Sisi wengine tukipata joto tunalowa, na upepo unatusaidia. Yeye joto likiingia halitoki. Mchana wa Kisumu, ule ambao sisi tunaulalamikia huku tukinywa soda, unaweza kumtia homa hadi akapoteza fahamu. Mkewe, Mama Achieng', alikuwa akilowesha leso, zile kanga zake, na kumfunika nazo, akizigeuza na kuzilowesha tena tangu adhuhuri hadi jua linapozama. Yeye naye si msichana.

Wanafunzi wa zamani wa mwalimu walichanga wakamnunulia mashine ya kupoza chumba, ya kawaida, yenye nusu inayokaa nje ukutani. Nusu hiyo ya nje iliibwa kwa ajili ya shaba yake. Wakaweka nyingine ndani ya kizimba cha chuma; ikaibwa na kizimba. Ndipo mmoja wao akapendekeza pampu ya joto inayotumia maji, ambayo yote hukaa ndani ya nyumba.

Msiogope jina. Mashine hii ni ndugu ya friji. Friji hutoa joto lililo ndani ya kabati na kulitupa nyuma. Ndiyo maana mgongo wake una moto. Hii hutoa joto chumbani na kulitupa ndani ya maji yanayopita tumboni mwake. Maji huingia yakiwa ya baridi, hutoka yakiwa yamepata joto, na huenda zake. Neno la kushika hapo ni huenda zake.

Fundi aliyepewa kazi ni Nafula, mwanamke kutoka Bungoma aliyesomea mitambo ya baridi na anayeheshimiwa na kila mwenye friji ya samaki katika mji huu, ingawa hakuna anayempenda, maana ana mdomo. Nyumba ya mwalimu iko kati ya Nyalenda na Dunga, na ina visima virefu viwili: kimoja upande wa juu wa kiwanja, chenye pampu, na kimoja upande wa chini, ambacho kilikuwa kimeachwa. Nafula alipanga maji yatoke kisima cha juu, yapite ndani ya mashine, yarudi ardhini kupitia kisima cha chini. Ndani ya bomba lililofungwa hayagusi kitu ila chuma. Hayanywewi, hayamwagwi, na hayana uhusiano wowote na bomba la mji. Mpango ulikuwa safi.

Alipeleka mchoro ofisini kuomba kibali. Wakati huo mimi nilikuwa upande wa Ahero nikishughulikia mabomba ya shule. Naliweka wazi hili kwa ajili ya usahihi. Kibali kilitoka kwa amri ya Mkuu, na kikiwa na sharti moja: mashine ipate maji yake tangini, na maji yarudi tangini, kwa mujibu wa kanuni. Nafula alikwenda kubishana. Aliambiwa kwamba asipotii, leseni yake itazuiwa. Akatii. Akafunga bomba kutoka tangi la juu ya paa. Afisa mmoja akaja kukagua, asubuhi, akakuta mashine inavuma na chumba kina ubaridi, akatia sahihi.

Baada ya wiki chache malalamiko yalifika ofisini, na Mkuu akaniita.

"Mzee Zablon, andika jibu. Sema fundi alifanya kazi mbaya, tutazuia leseni yake. Tumalizane na hii maneno."

"Mheshimiwa, sijaiona nyumba."

"Si lazima uione. Kibali si kiko?"

"Kibali kiko. Nimekisoma. Naomba kuuliza, kwa nini mashine hiyo ipate maji tangini ilhali ina kisima?"

Aliweka kalamu chini kwa subira ya mtu anayemfundisha mtoto.

"Inatumia maji, ama haitumii?"

"Inatumia."

"Iko ndani ya nyumba?"

"Iko."

"Basi iende kwa tangi. Kanuni iko hapo ukutani nyuma yako."

"Kanuni inasema kisivute kutoka bomba la mji. Kisima si bomba la mji."

"Mzee, wewe unabaki na miezi mingapi kazini?"

Nilimwambia kwamba ilikuwa imebaki ya kutosha kufika nyumbani kwa Mwalimu Obura.

Nilikwenda alasiri, wakati lami inanata kwenye viatu. Nafula alikuwa ameitwa na Mama Achieng', na nilimkuta amesimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mzee, umekuja kunifunga ama umekuja kuskiza?"

"Nimekuja kukagua."

"Hata yule wa kwanza alisema hivyo. Alikagua chai. Alikagua na mandazi."

"Nafula, wacha mgeni aingie," Mama Achieng' alisema, kisha akanigeukia. "Karibu, Bwana. Ukitaka kunawa mikono, ya baridi ni hiyo ya kulia. Usiiguse vibaya."

Niliifungua. Maji yaliyotoka bomba la baridi yalinichoma vidole.

"Hapa ya baridi ndiyo ya moto," alisema bila kucheka. "Hiyo nyingine iliharibika zamani."

Chumbani hapakuwa na hewa. Mwalimu Obura alikuwa amelazwa chali, leso zilizolowa zimemfunika hadi kidevuni, uso wake mwekundu kwa namna isiyopendeza kwa mtu mweusi. Macho yake yalikuwa macho ya mtu anayesahihisha mtihani.

"Wewe ndiye wa ofisi?"

"Ndimi, Mwalimu."

"Ile mashine yenu ni ya serikali kabisa. Asubuhi inafanya kazi. Saa saba inaenda lanchi. Hairudi."

"Japuonj, usichoke," mkewe alimwambia, akimwita mwalimu kwa Dholuo.

"Sijachoka. Nimeiva."

Mashine ilikuwa katika stoo ndogo iliyopakana na chumba, imezimika, taa nyekundu inawaka. Nilitoa kipimajoto. Sitaki kuwachosha kwa namba. Inatosha kuwaambia kwamba maji yaliyokuwa yakiingia katika mashine ile ili kukipoza chumba yalikuwa na joto kukishinda chumba chenyewe. Tangi lile ni la plastiki nyeusi, liko juu ya mabati, na jua la Kisumu hulishika tangu asubuhi. Hilo peke yake lingetosha. Lakini kulikuwa na la pili: maji yaliyotoka mashineni na joto la chumba yalirudi tangini, yakavutwa tena, yakaongezwa joto, yakarudi tena. Waliyakataza yasiende zake. Mashine ilikuwa ikijipikia maji yake, na ilipozidiwa ilijizima, kama inavyopaswa. Asubuhi, baada ya tangi kupoa usiku kucha, ilifanya kazi vizuri. Ilijizima katika saa ile ile ambayo mwalimu aliihitaji, na ambayo hakuna mkaguzi aliyepata kuja.

Haki ni haki, kwa hiyo nasema pia kwamba kazi ya Nafula haikuwa bila dosari. Mashine inayopoza hutoa maji kutoka hewani, kama gilasi ya maji baridi inavyotokwa na matone, na hewa ya ziwani imejaa maji. Matone hayo huhitaji bomba lake lenye mteremko. Lake lilikuwa limenyooka kama rula, na sakafu ya stoo ilikuwa imelowa. Pia hakuwa ameweka raba chini ya miguu ya mashine, na nyufa ndogo zilianza kuonekana ukutani.

"Raba ziliisha Kibuye," alisema.

"Raba za tairi kuukuu haziishi Kibuye tangu nizaliwe."

"Sawa, Mzee. Hiyo ni yangu. Naibeba. Lakini joto si yangu."

"Joto si lako," nilikubali. "Bomba la kisima liko wapi?"

Aliinama nyuma ya mashine na kuvuta gunia. Bomba la kisima cha juu na la kisima cha chini yote mawili yalikuwa pale, yamefungwa kwa valvu. Hakuwa ameyang'oa.

"Nilijua tu kuna siku mtu atakuja mchana," alisema.

Mkaguzi aliye ndani ya nyumba ana mamlaka ya kupitisha kile alichokiona kwa macho yake. Hilo liko katika kanuni zetu kabla ya kanuni ya tangi, na halijafutwa. Nilimwamuru afungue.

Kazi hiyo ilifanyika kwa mpangilio, nanyi mtakaoifanya mfuate mpangilio huo. Stima ya mashine ilizimwa kwenye swichi yake yenyewe, isiyotumiwa na kitu kingine. Bomba la tangi lilifungwa pande zote mbili na kutenganishwa. Maji ya kisima yaliachwa kwanza yamwagike nje hadi mchanga ulipoisha, kwa maana mchanga ukiingia tumboni mwa mashine hautoki. Chujio likawekwa kwenye mlango wa maji, mahali ambapo mkono unafika, kwa sababu chujio lisilofikika halisafishwi. Nafula alilitia bomba la matone mteremko, na Mama Achieng' akaleta malapa ya zamani ya mwalimu, tukayakata yakawa raba za kuweka chini ya miguu ya mashine.

"Afadhali yatembee kidogo," mwalimu alisema kutoka chumbani.

Valvu ilifunguliwa polepole. Niliweka chuma cha Mzee Barasa kwenye bomba na mfupa wa sikio. Bomba lilikuwa likitafuna karanga. Nafula akafungua kijiti cha kutolea hewa. Hewa ikatoka kwa kukohoa. Nikasikiliza tena. Karanga zilipungua, zikaisha, na maji yakaanza kuvuma. Nikampa ishara awashe stima.

Sikuondoka. Mtu anayepitisha kazi baada ya kuiwasha tu hajakagua kitu. Niliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na kitanda, na Mama Achieng' akaendelea kulowesha leso kwa mazoea. Jua liligonga dirisha la magharibi, saa mbaya kuliko zote katika nyumba ile. Nafula alikuwa stooni akiitazama taa nyekundu, ambayo haikuwaka. Mwalimu alinisimulia jinsi upepo wa ziwani unavyogeuka kati ya usiku na mchana, na nikamwambia kwamba nimeishi hapa maisha yangu yote bila kujua sababu yake. Alinisahihisha mara mbili nilipojaribu kuirudia.

Baada ya muda mkewe aliinua leso ili ailoweshe, akasimama nayo mkononi, kwa kuwa mwalimu alikuwa amesema kitu kwa sauti ndogo.

"Umesema nini, Baba Achieng'?"

"Nimesema nipe shuka. Mabega yanapata baridi."

Mama Achieng' alifungua kabati, akatafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akarudi na shuka, akamfunika. Nafula alitoka nje kwenda kuangalia kisima, ambacho hakikuwa na haja ya kuangaliwa.

Nilitia sahihi yangu jioni hiyo, kwa jina langu kamili. Mashine ilifanya kazi kiangazi chote. Nilistaafu kwa keki na hotuba, na Mkuu alinisifu kwa uaminifu wangu kwa kanuni.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Baada ya mimi kuondoka, Mkuu alifuta kibali nilichokitoa. Amri imepelekwa nyumbani kwa Mwalimu Obura kwamba mashine irudishwe tangini, la sivyo itaondolewa. Leseni ya Nafula imezuiwa, na kosa lililoandikwa ni kwamba alifunga chombo kinyume cha kanuni. Hakuna aliyefika nyumba ile tangu nilipoketi pale. Nilimpigia Mkuu simu, kwa heshima zote. Aliniambia kwamba nimeshastaafu, nipumzike. Mvua zinakaribia kwisha. Zikiisha, jua litarudi juu ya tangi lile jeusi, na mwalimu atarudi chini ya leso zilizolowa, naye hatakuwa na jasho la kumsaidia.

Mtaambiwa kwamba kanuni ni kanuni. Nami nakubali. Nawaomba tu muisome yote, na mkumbuke povu la Nyalenda. Kanuni ile iliwekwa ili mtu mmoja asivute maji hadi mwingine akaumia. Mwalimu Obura havuti tone la mtu. Anayevuta leo ni ofisi.

Kwa hiyo, mimi Zablon Otiato, mkaguzi mstaafu wa mabomba, natoa madai rasmi yafuatayo mbele yenu mkiwa mashahidi. Nadai amri ya kurudisha mashine tangini ifutwe kabla ya kiangazi. Nadai Fundi Nafula arudishiwe leseni yake, na ofisi iseme hadharani kwamba kazi yake ya kwanza, yaani mchoro wake wa visima viwili, ilikuwa sahihi. Na ikiwa Mkuu wa Ukaguzi bado anaamini kwamba amri yake ni njema, nadai aitekeleze mwenyewe: afike nyumbani kwa mwalimu, alasiri na si asubuhi, aamuru valvu ya kisima ifungwe na ya tangi ifunguliwe, aketi kwenye kile kiti cha plastiki karibu na kitanda hadi taa nyekundu iwake, na aendelee kuketi baada ya hapo hadi jua lizame. Leso na maji ya kulowesha atapewa na Mama Achieng'. Akimaliza, atie sahihi kwa jina lake, si kwa niaba ya mtu.

Nilimuuliza Mwalimu Obura ni siku gani ingemfaa kwa ziara hiyo. Alinituma niseme kwamba Mkuu achague siku yoyote, kwa kuwa yeye atakuwepo nyumbani.